GARI KUUKUU LIKICHEMKA NJIANI: ULIZA KWANZA MAJI YANAKWENDA WAPI



Katika karatasi hii mmezoea kusoma habari za mgao, za chanjo na za kuandikisha watoto shuleni. Safari hii tunapenda kuwaeleza habari ya gari ambalo injini yake inachemka. Pengine mama mmoja atasema: "Mimi sina hata baiskeli, injini inanihusu nini?" Inakuhusu, mama yangu. Gari tunalokodi pamoja kwenda kuchukua maharagwe, sabuni na vitenge vya kuuza ni kuukuu. Gari la jirani linaloombwa usiku kubeba mgonjwa ni kuukuu vilevile. Na vijana wetu wanaojifunza ufundi katika magaraji ya Muyinga wanaletewa magari ya namna hiyo kila siku. Likichemka, fedha inayoungua ni yako, na mara nyingine inayoungua ni ngozi ya mtoto wako.

Nianze na yaliyotupata sisi wenyewe. Kiangazi kimoja tulikuwa watu tisa wa kikundi cha akiba hapa kambini. Tulikodi pikapu ya zamani ya dizeli itupeleke Gitega na kuturudisha Muyinga kwa njia ya Karuzi. Mapatano yalikuwa hivi: mwenye gari analeta gari na shofa, sisi tunalipa mafuta na matengenezo yoyote yatakayotokea katika kazi yetu. Tulikubali bila kufikiri sana, maana bei ya kukodi ilikuwa ndogo.

Tulipokwisha kuvuka mto Ruvubu na kuanza kupanda, mshale wa joto nao ukapanda. Shofa akasema litapoa mbele. Halikupoa. Tulisimama kando ya barabara, mvuke unatoka chini ya boneti. Kijana mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, akavua shati, akalizungusha mkononi na kufungua kifuniko cha rejeta, ile ambayo sisi wa Kivu tunaiita radiateri. Maji yalimrukia shingoni na mkononi mpaka kwenye kiwiko. Alama anazo mpaka leo.

Halafu yakaja ya garaji. Fundi wa kwanza alisema rejeta imeziba, akaizibua, tukalipa. Safari iliyofuata likachemka tena mlimani. Fundi wa pili alisema ni gasketi ya kichwa cha injini, wengine husema ya kulasi. Wakafungua kichwa, wakabadili gasketi, tukalipa, na hapo akiba ya miezi minane ikaisha. Likachemka tena, palepale. Wa tatu alikuwa mzee mmoja ambaye hakushika hata spana. Alikaa juu ya tairi, akaanza kutuuliza maswali. Linachemka mkiwa mmesimama au mkiwa mnapanda? Maji yanapungua au hayapungui? Yanakwenda wapi? Asubuhi, injini ikiwa baridi, mpira wa maji unaonekanaje? Baada ya hapo alifungua kifuniko cha rejeta, akakigeuza, akatuonyesha raba ya ndani. Ilikuwa ngumu kama ukucha na imepasuka. Ugonjwa wote ulikuwa pale.

Kwa nini kitu kidogo vile kichemshe gari zima? Sababu yake mnaijua jikoni. Waliotoka Uvira na Baraka wanajua kwamba maharagwe huku milimani yanachelewa kuiva kuliko kule kando ya ziwa. Si maharagwe tu. Ukipanda juu, maji huchemka mapema, yakiwa na joto dogo zaidi. Pwani, kwa mfano Dar es Salaam, maji huchemka kwenye digrii 100. Gitega iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, na hapo maji ya wazi huchemka karibu na digrii 95. Sasa injini yenyewe, ikiwa nzima, hufanya kazi kati ya digrii 80 na 95, na ikipanda mlima na mzigo inaweza kupita hapo. Kama maji ya rejeta yangekuwa wazi kama ya sufuria, yangechemka kila mlima.

Ndiyo maana wakaweka kifuniko chenye springi. Kinabana maji, yanakuwa na msukumo, na maji yenye msukumo hayachemki upesi. Kifuniko kina namba juu yake, mara nyingi 0.9 au 1.1. Cha 0.9 kikiwa kizima, hata hapa milimani maji hayachemki mpaka joto lipite digrii 110. Kikifa, unarudi kwenye 95. Shofa anayelitoa gari lake Dar es Salaam na kuingia Burundi kwa mpaka wa Kobero anaweza kuwa na kifuniko kibovu asikijue njia nzima, kisha milima yetu imwambie.

Kifuniko ukikagua injini ikiwa baridi, tazama raba: iwe laini, isiwe na ufa wala alama ya kuliwa. Bonyeza springi: irudi kwa nguvu. Katikati kuna kivalvu kidogo ambacho kazi yake ni kurudisha maji kutoka kwenye kichupa cha akiba pale injini inapopoa. Kikiziba, asubuhi utakuta mpira wa juu wa rejeta umenywea kama mkoba mtupu. Na kama kila siku kichupa kinajaa na kumwagika lakini rejeta imepungua, shuku kifuniko kwanza kabla ya kitu kingine. Nimeona watu wanaweka kipande cha mfuko wa plastiki chini ya kifuniko ili kibane. Kitakufikisha labda sokoni. Wengine wananunua cha namba kubwa zaidi wakidhani nguvu ni dawa. Mipira ya gari kuukuu haivumilii, inapasuka.

Hata hivyo si kila gari linaugua kifuniko. Tuseme sasa namna ya kupeleleza, na kwanza usalama wako.

Mshale ukikaribia sehemu nyekundu, usingoje kilele cha mlima. Zima kiyoyozi kama kipo. Kama gari lina kipasha joto cha ndani, kifungue chote: mtatoka jasho, lakini kinaiba joto kutoka kwenye injini. Tafuta mahali pa kusimama pasipo na kona. Zima injini, weka jiwe nyuma ya tairi. Boneti ifunguliwe polepole, na watoto wakae mbali. Kifuniko usikiguse kwa muda wa nusu saa angalau, na hata baada ya hapo shika mpira wa juu kwa kidole: kama bado ni mgumu na wa moto, ngoja tena. Ukifika wakati wa kufungua, weka kitambaa kinene, uso ugeuzie pembeni, zungusha kidogo mpaka kituo cha kwanza upumuo utoke, ndipo uzungushe chote. Maji ya baridi usiyamwage kwa pupa ndani ya injini ya moto, kwa kuwa chuma kilichopanuka kikipoa ghafla kinapasuka. Tia kidogo kidogo, injini ikiwa imepoa.

Mtu akiungua, mwagia sehemu ile maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete, saa na bangili kabla hajavimba. Msipake dawa ya meno, wala mafuta, wala unga, wala samli. Funika kwa kitambaa safi, mpelekeni kwenye kituo cha afya. Yule kijana wetu alipakwa dawa ya meno na mtu mmoja wa njiani, na muuguzi alipokuwa akiiondoa ndipo alipolia kuliko wakati wa kuungua.

Sasa maswali ya mzee. La kwanza: linachemka wakati gani?

Likichemka mkiwa mmesimama, au katika foleni ya kituo cha mafuta, au mkitambaa sokoni, halafu likapoa mkishika barabara ya wazi, rejeta haina kosa. Kinachokosekana ni upepo. Kwenye mwendo barabara inaleta upepo yenyewe, mkisimama ni kazi ya feni. Kwenye magari madogo kama Probox feni ni ya umeme: angalia fyuzi, angalia waya, usikilize kama inawaka joto likipanda. Kwenye pikapu na Land Cruiser nyingi za zamani feni inazungushwa na injini yenyewe kupitia klachi yenye mafuta mazito ndani. Injini ikiwa imezimwa, na funguo mfukoni mwako, sukuma feni kwa mkono. Inapaswa kukataa kidogo. Ikizunguka yenyewe mara nne tano kama gurudumu la baiskeli, klachi imekufa.

Likichemka mkipanda na mzigo au mkienda kasi tu, lakini mkiwa mmesimama limetulia, hapo maji hayapiti vizuri, au rejeta imeziba, au kifuniko kama chetu. Tazama kwanza nje. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara za udongo na majani makavu huziba yale mapezi ya rejeta mpaka usione mwanga upande wa pili. Osha kwa maji, ukipiga kutoka upande wa injini kwenda mbele, si kinyume chake, na bila nguvu nyingi maana mapezi yanalala. Kuziba kwa ndani kunatokana na maji tunayotia. Maji ya bondeni yana tope, maji ya kisima mara nyingi yana chokaa. Ya mvua ni bora kuliko yote hayo. Na kabla hujalaumu chombo, hesabu mzigo: pikapu ya tani moja iliyobeba magunia ya tani mbili na watu juu yake haina ugonjwa, ina uchovu. Mwambie shofa apande kwa gia ndogo, injini izunguke vizuri, pampu na feni zifanye kazi.

Likichemka dakika chache tu baada ya kuwashwa, hata bila safari, maji ni haba au themostati imekwama. Themostati ni mlango mdogo unaofungwa injini ikiwa baridi na kufunguka ikipata joto. Imeandikwa namba, mara nyingi 82 au 88, ndiyo digrii inapoanza kufunguka. Ikikwama imefungwa, mpira mmoja wa rejeta utakuwa wa moto sana na mwingine baridi. Kuipima si kazi ngumu: ining'inize kwa uzi ndani ya kopo la maji juu ya moto. Huku kwetu maji yanachemka karibu na 95, kwa hiyo ya 82 nzima lazima uione inaanza kufunguka kabla maji hayajachemka. Isiyofunguka ni ya kutupa. Lakini akina kaka, msichukue sufuria ya nyumbani kwa kazi hii. Sababu yake nitaieleza mbele.

Hapa niseme neno juu ya desturi ya kung'oa themostati na kuitupa. Mafundi wengi wanafanya hivyo, na utasikia kwamba Afrika ni joto, haihitajiki. Si kweli. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi inakula mafuta zaidi, na mnajua jinsi mafuta yalivyokuwa yakiadimika nchini Burundi katika miaka hii ya karibuni. Tena katika injini nyingi za dizeli za Toyota themostati ina kisahani cha chini kinachofunga njia ya mkato. Ukiiondoa, njia ile inabaki wazi, na maji mengi ya moto yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Umetoa kitu ili lipoe, nalo linazidi kuchemka.

Likichemka ghafla, na wakati huohuo taa nyekundu ya betri ikawaka, simama mara moja. Katika magari mengi ya zamani mkanda mmoja, ule wa kuroa, unazungusha alteneta na pampu ya maji pamoja. Umekatika au umelegea. Mkanda mzima ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati unaingia kama sentimita moja. Huu ndio ugonjwa wa bei ndogo kuliko yote, na ukiendesha gari na mkanda uliokatika, unakuwa wa bei kubwa kuliko yote.

Swali la pili ni hili la maji yanakwenda wapi. Weka katoni iliyofunguliwa chini ya injini usiku. Ukikuta tone mbele, angalia rejeta na mipira. Tone karibu na mkanda mara nyingi ni pampu ya maji: ina kitundu kidogo chini ambacho huanza kulia pale sili yake inapochoka. Zulia la abiria likiwa na maji yenye harufu tamu, ni kipasha joto cha ndani kinachovuja. Kama nje ni kukavu kabisa na maji bado yanapungua, basi yanatoka kwa kifuniko kama mvuke, au injini inayanywa.

Injini kunywa maji ndiyo gasketi tunayoiogopa. Lakini kabla ya kumruhusu mtu afungue kichwa, dai ushahidi. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, jaza maji, washa. Mapovu yakitoka bila kukoma kama chungu kinachochemka, wakati maji bado ni baridi, gesi ya silinda inapita. Mpira wa juu ukiwa mgumu dakika moja au mbili tu baada ya kuwasha asubuhi, maana yake ni ileile. Kijiti cha oili kikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, na gari lisiwashwe tena. Moshi mweupe usioisha hata injini ikiwa na joto, nao ni dalili. Ila angalieni: asubuhi za baridi za mwezi wa Juni na Julai kila gari Gitega linatoa mvuke mweupe kwa dakika chache, na hiyo si dalili ya lolote. Vivyo hivyo utando mdogo mweupe chini ya kifuniko cha oili cha gari la safari fupifupi unaweza kuwa umande tu. Gari letu halikuwa na hata moja ya dalili hizi. Hakuna aliyetuonyesha mapovu. Sisi pia hatukuuliza, tuliona aibu kumwuliza fundi.

Jambo moja la kutisha juu ya mshale. Mshale hupima joto la maji. Maji yakiisha kabisa, kipimo kinabaki kwenye hewa, na mshale unaweza kushuka kana kwamba gari limepoa. Ukiuona umeshuka ghafla kutoka juu, na nguvu ya injini inapungua, usimshukuru Mungu bado. Simama uangalie maji.

Sasa ile habari ya sufuria. Maji ya kijani au mekundu yanayotiwa kwenye rejeta, yaani kulanti, ni mazuri kwa gari, yanazuia kutu. Lakini mengi ni sumu kali, na ni matamu. Mtoto au mbuzi akiyakuta anakunywa kwa furaha, na figo zinaharibika. Msiyahifadhi katika bidoni za maji ya kunywa wala chupa za fanta. Msiyamwage karibu na bomba la maji. Sufuria iliyopimiwa themostati isirudi jikoni. Mtoto akinywa, mpelekeni kituo cha afya saa ileile hata kama anacheza, na mbebe ile chupa.

Mtauliza kikundi chetu kilifanya nini baadaye. Tulinunua kifuniko kipya cha 0.9, bei yake kama sabuni chache tu, na pikapu ikapanda mlima ule wa baada ya Ruvubu bila kusimama. Fedha ya kufungua kichwa haikurudi. Kabla ya kukodi tena, tulikaa na mwenye gari tukaandika karatasi. Ugonjwa ambao gari lilikuja nao, analipa yeye. Uharibifu wa mzigo uliozidi au wa shofa kukataa kusimama, aliyeamuru ndiye anayelipa. Kitu chochote kisifunguliwe kabla sisi wawili hatujaonyeshwa dalili kwa macho, na kipande cha zamani kikiondolewa tunapewa mkononi. Mwenye gari alinung'unika, kisha akatia sahihi. Nakala ya karatasi ile iko kwetu, na kikundi kingine kikitaka kuinakili kwa mkono, kije na kalamu na daftari.